Kipa wetu Padri

Kama umewahi kucheza beki ya kushoto mbele ya kipa mwenye mdomo, utanielewa upesi. Mpira uko upande wa pili kabisa wa kiwanja, wewe umeshika kiuno unavuta pumzi, na huko nyuma mtu anapiga kelele kama muuza samaki wa Darajani aliyeyeyukiwa na barafu: "Kushoto! Kushoto, sheikh! Mtu mgongoni!" Unageuka, kweli yupo mtu. Dakika tisini hivyo hivyo. Ukilala usiku bado unaisikia.

Sheikh ni mimi. Sikuwa sheikh wa kitu chochote wakati ule na si sheikh hata leo. Mimi ni fundi seremala, natengeneza milango na makabati hapa Ng'ambo, mjini Unguja. Lakini yeye aliwaita wachezaji wote wa timu masheikh, na sisi tukamwita Padri miaka mingi kabla hajawa padri, kwa sababu alikuwa Mkristo peke yake kikosini. Utani ukageuka kweli. Mwaka ambao Zanzibar ilichukua Kombe la Chalenji kule Uganda, 1995, sisi tukipiga madebe mitaani, yeye alikuwa bara anamalizia masomo ya dini.

Nimemwomba ruhusa ya kumwandika. Amekubali kwa masharti matatu: nisitaje jina lake, nisitaje kanisa lake, na nisitaje kwamba mechi ya mwisho ya ligi yetu ya vijana, 1989, alipigwa tobo na mtoto wa skuli tukakosa kombe. Mawili nimeyaweza.

Wazee wake ni watu wa Mbweni. Simaanishi Mbweni hii ya mahoteli na mageti makubwa. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walinunua shamba pale mwaka 1871, wakawa wanawaweka watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa, wakajenga kanisa na skuli. Mtu hakujua kwao ni wapi, ameletwa mtoto, lugha ya mama yake imeshamtoka, basi kwao ikawa Mbweni. Vijana wa kiume wenye kichwa chepesi walipelekwa Kiungani, chuo cha misheni hiyo hiyo, na Kiungani mpira umechezwa tangu karne ya 19. Babu yake Padri alikuwa akisema mpira na Biblia viliingia kwao kwa mlango mmoja, na kwamba wazee wengine waliufungulia mlango mpira tu. Nilikunywa chai nyumbani kwa mzee huyo mara nyingi. Mikono yake ilikuwa mikubwa kama makasia. Ukiitazama unajua golikipa ametoka wapi.

Siku moja, tuna miaka kama kumi na minane, Padri akatuingiza Kanisa Kuu la Mkunazini. Sote tulikuwa tumelipita kanisa lile maisha yetu yote bila kuingia, Waislamu watupu, mmoja akiogopa mama yake asije akasikia. Alituonyesha altare, akasema hapa ndipo ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa, maana lile kanisa Askofu Steere alilianza 1873 juu ya kiwanja cha soko la watumwa, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Kisha akatupeleka karibu na mlango akatuonyesha nguzo. "Zitazameni vizuri." Tukatazama. Nguzo. "Zimesimama kichwa chini miguu juu," akasema. Hadithi ndivyo inavyokwenda, na mapapasi wote wa Mji Mkongwe wanawahadithia wageni: askofu alisafiri, mafundi wakazisimamisha kinyume, aliporudi akakuta kazi imekwisha, akaziacha. Mimi nikiwa mtoto wa fundi niliona haya kwa niaba ya mafundi. Yeye alicheka sana. "Miaka mia na zaidi, sheikh, na paa halijaanguka." Hadithi hii weka pembeni, alikuja kuitumia tena.

Aliporudi kutoka bara alikuwa amevaa kanzu nyeupe ndefu. Bibi yangu, macho yameshachoka, alimwona njiani akidhani ni maalim wa madrasa mpya, akamwahi kwa "Asalaam alaykum". Padri akaitikia kikamilifu, akamwulizia na miguu. Bibi akarudi nyumbani akisema maalim yule ana adabu, vijana mmuige.

Padri aliendelea kudaka. Jumapili asubuhi misa, saa kumi na nusu jioni yuko golini. Watoto wa mtaani akawaanzishia timu ya juvenaili, mipira miwili, filimbi moja, na ile sauti. Mahubiri yake, nimeambiwa na waumini wake, yalikuwa kama anapanga ukuta wa friikiki: wewe hapa, wewe sogea, funga mwanya huo, shetani anapita. Watu walimpenda. Mtu mwenye sauti anapendwa, anakupunguzia kazi ya kufikiri.

Sasa hili la kijana wa unga, alinisimulia mara moja tu, tumekaa ukutani Mnazi Mmoja tunakula muhogo wa kuchoma. Katika timu yake ile ya watoto alikuwepo winga mmoja. Akakua, akaingia kwenye unga, akawa teja, akaiba hata nyavu za goli akauza. Padri akamtafuta mpaka akampata, akamkalisha kibarazani, akamwambia maneno. Alimwambia kuhusu mama yake, kuhusu Mungu, kuhusu kipaji chake, kuhusu mguu wake wa kushoto. Saa nzima. Kijana amekaa anajikuna mikono, kimya. Padri alipomaliza, kijana akasema, "Padri, umekwisha? Umesema saa nzima. Hujaniuliza hata swali moja." Akainuka akaenda zake.

Hakumwona tena. Watu walisema amevuka Tanga.

"Nilirudi nyumbani," Padri akaniambia, "nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwuliza mtu swali nikasubiri jibu. Nikapata moja. Nilimwuliza mama watoto chumvi iko wapi."

Baada ya hapo akaomba kuachiwa parokia. Barza zikapata kazi. Wengine walisema kafukuzwa, wengine kasilimu kwa siri, mmoja (namjua, na anajijua) alisema kaoa mke wa pili Kenya. Kweli ilikuwa amekwenda Nairobi kusoma. Kwanza ushauri nasaha, kisha saikolojia ya tiba, miaka mitatu kwa jumla, mkewe akimtumia pesa kutokana na biashara yake ya maandazi. Na kumbe kule huanzi kwa kumtibu mtu. Unakaa wewe kwanza kwenye kiti cha mgonjwa, kila wiki, mwalimu anakuchimba. Padri anasema miezi miwili ya mwanzo alimhubiria mwalimu wake. Yule mama wa Kikuyu alimwacha tu, akimtazama, mpaka siku moja mahubiri yakamwishia katikati ya sentensi. Ndipo akalia. Alilia kwa ajili ya yule winga, na kwa ajili ya mambo mengine ambayo si yangu kuyaandika.

Alirudi na miwani ya kusomea na ukimya. Huo ukimya ndio uliotutisha. Unakaa naye barzani, unasema jambo, yeye hajibu, anakutazama kama anayesubiri daladala ambayo ana hakika itakuja. Mwishowe unaendelea kusema wewe, unasema mpaka mambo ya ndani, halafu unamlaumu. Tukamkataza. Tulimwambia barza hii haina ada, usitufanyie kazi bure.

Chumba chake kiko ghorofani, nyuma ya duka la mshona nguo. Viti ni mimi niliyevitengeneza, vya mninga, vya kuegemea. Alinirudishia mara mbili. Mara ya kwanza kimoja kilikuwa kirefu zaidi ya mwenzake kwa nusu inchi, nikamwambia nani atakayeona nusu inchi, akasema atakayekaa ataona. Mara ya pili alitaka visitazamane uso kwa uso, viwekwe kwa pembe, ili mtu akitaka kutazama dirisha atazame dirisha bila kugeuza shingo. Saa ya ukutani ipo nyuma ya kiti cha mgeni, aione yeye, mgeni asiione. Dakika hamsini. Kuna birika la maji, glasi, karatasi za kupangusa machozi. Msalaba haupo. Kola ya upadri anaivua anaitia mfukoni kabla ya kupanda ngazi, ingawa upadri wenyewe hajavuliwa na anasaidia misa wanapokosa mtu.

Ukutani kuna picha moja, ya Mzungu mwenye ndevu. Nilidhani mtakatifu. Akaniambia huyu ni Oskar Pfister, mchungaji wa Zurich, aliyekuwa akiandikiana barua na Sigmund Freud tangu 1909. Freud hakuwa na dini kabisa, na 1927 akatoa kitabu kizima kusema dini ni ndoto ya mtu anayetamani baba. Mchungaji akakijibu mwaka uliofuata, kwa maandishi, hoja kwa hoja. Na urafiki haukuvunjika, barua ziliendelea karibu mpaka Freud anafariki 1939. "Mimi na wewe," Padri akasema, "tumegombana kwa penalti moja ukaninunia miezi minne."

Ninayempenda mimi zaidi ni mwingine aliyenisimulia, Chad Varah, padri wa Kianglikana London. Mwaka 1953 alitangaza simu katika kanisa lake, mtu yeyote anayetaka kujiua ampigie au aje. Watu wakaja wengi mpaka wakawa wanakaa foleni. Watu wa kujitolea wakawa wanawapa chai na kukaa nao wakati wanasubiri zamu. Padri Varah akagundua kwamba wengi wakishakunywa chai na kusikilizwa na yule mpika chai, wanaondoka, hawana haja tena ya kumwona yeye. Basi mwaka uliofuata kazi akawaachia wapika chai. Nilipoisikia hii nilimwambia Padri: hao Waingereza wamegundua barza.

"Barza yenye siri," akanirekebisha.

Na hapo ndipo alipowapata wateja wake, maana visiwa hivi Wakristo ni wachache kama unavyojua, mtu ungedhani atakaa na viti vyake vya mninga mpaka viote mchwa. Lakini fikiri. Unguja hii, ukimweleza siri yako binamu, mke wa binamu ni dada wa bosi wako. Ukienda kwa sheikh, sheikh alimsomesha baba yako. Ukionekana umeshuka kituo cha Kidongo Chekundu, penye hospitali ya akili, hata kama umekwenda kumtazama muuguzi rafiki yako, kufika magharibi mtaa mzima wanajua umeharibikiwa akili. Padri hana shangazi katika ukoo wenu. Wanawake wa baibui hupanda ngazi zile kwa mlango wa fundi cherehani, wakiulizwa wamekwenda kupima gauni. Fundi anajua, hasemi, na biashara yake imekua.

Hagombani na makombe, yale maji ya aya za Qurani ya kunywa, wala kisomo. Mtu akimwambia anasomewa, yeye anauliza kinamsaidia vipi, na kama kinamsaidia kulala anamwambia endelea. Akiona jambo limepita uwezo wake, mtu anasikia sauti au haachi kutaka kujidhuru, anampeleka kwa madaktari, mguu kwa mguu, anakaa naye foleni.

Nimezunguka sana. Nilitaka kuandika kuhusu Maisara.

Kwa wasiopajua, Maisara ni viwanja vyetu, ukitoka Mnazi Mmoja unafuata bahari. Pale ndipo nilipojifunzia mpira. Goli moja tuliliita la barabarani na jingine la baharini. Tulicheza pale na Padri kipindi chote cha ujana na bado tulikuwa tukicheza, timu ya maveterani, vitambi mbele, mpaka Septemba 2011.

Mdogo wangu alikuwa na duka Wete, Pemba. Alikuja Unguja kula Idi na sisi. Idi ikaisha, akawa anataka kukaa mpaka Jumapili. Mimi nikamwambia ondoka Ijumaa usiku, duka halijifungui lenyewe. Nikampa na pesa za tiketi, kama mkubwa. Saa mbili na nusu usiku akanipigia yuko melini. Akasema, "Kaka, watu wengi, hata pa kuweka mguu hapana." Nikamwambia, "Vumilia, alfajiri mtakuwa mmefika."

Meli, MV Spice Islander, ilizama saa saba za usiku, kuamkia tarehe 10, mkondo wa Nungwi. Yaliyobaki mnayajua, hakuna nyumba ya Unguja wala Pemba ambayo haikuguswa.

Miili ililetwa Maisara. Yalifungwa mahema pale pale kiwanjani, watu wa kutambua wanaingia kwa zamu. Nilipita safu kwa safu. Mtu anafunua shuka, ananitazama, natikisa kichwa, anafunika. Kuna mahali nilisimama kupumua, jasho linaingia machoni, na baadaye, siku nyingi baadaye, ndipo nikagundua nilikuwa nimesimama wapi. Ilikuwa pembe yangu. Upande wa kushoto wa goli la baharini.

Hakuonekana. Tulimswalia swala ya ghaibu, tukasoma hitma, mama akakaa eda ya mwanawe asiye na kaburi, ingawa eda ya mwana haipo, alikaa tu. Watu wakasema Mungu amempenda zaidi, nami nikasema hivyo hivyo kwa waliokuja kunipa pole. Kisha nikarudi karakana.

Miaka mitano sikukanyaga Maisara. Daladala ikipita kule nilifumba macho, au nilishuka kabla. Harusi ya mpwa wangu Chake Chake sikwenda, nilisema nina mgongo. Nikawa naamka saa saba za usiku, saa saba juu ya alama, bila saa ya kuniamsha. Nilisomewa, nikanywa makombe, nililala wiki mbili vizuri, kisha saa saba ikarudi. Nilimpiga mwanafunzi wangu wa ufundi kwa ajili ya msumari. Mke wangu akaniambia neno moja tu: "Nenda ghorofani kwa fundi cherehani."

Nikaenda. Nikakaa kwenye kiti nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na nilipokaa nikajua alikuwa na haki kuhusu ile nusu inchi.

"Padri, nimekuja unitibu."

Akanitazama muda. "Sikutibu."

"Kwa kuwa mimi si wa kanisani?"

"Wengi wanaokaa hapo si wa kanisani. Sikutibu kwa kuwa nakujua tangu unavaa viatu vya kuazima. Ukisema jambo, nitalisikia pamoja na mengine mia ninayoyajua. Utanificha lile litakalonisikitisha. Na mimi nilikuwepo Maisara siku zile, sheikh. Nami nina yangu."

Nikamwambia basi umenifukuza. Nilisema na mengine, nikataja na lile tobo. Akaniacha nimalize. Kisha akaandika namba kwenye karatasi. "Huyu binti ananishinda kwa jambo hili. Nikiwa mganga wako nitampoteza beki wangu, na mabeki wa kushoto hawapatikani."

Siku mbili nilikuwa na hasira naye. Wenye kazi yao wameniambia baadaye kwamba ndivyo inavyotakiwa, mtu hamtibu rafiki yake wala ndugu yake. Mimi wakati ule niliona ni kiburi cha Nairobi.

Binti mwenyewe aliniita Ami tangu siku ya kwanza. Saa yake ya kwanza nilimweleza bei ya mbao, kuanzia mninga mpaka mkangazi. Ya pili pia. Ya tatu akaniuliza mdogo wangu alikuwa akicheka vipi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo, wote waliuliza alipatikana au hakupatikana. Nikaanza kumwonyesha anavyocheka, anavyojifinya pua, nikashindwa kumaliza.

Kwa wiki nyingi alinirudisha kwenye ile simu, polepole, kipande kwa kipande, kama mtu anayetoa mwiba anayeogopa kuukatia ndani. Jambo alilonifanyia ambalo sitalisahau ni hili. Nilimwambia mimi ndiye niliyempandisha meli iliyojaa. Akaniuliza, "Ami, saa mbili na nusu ulijua nini?"

Nikamwambia nilijua imejaa.

"Ulijua nini kuhusu meli kujaa? Wewe umepanda ngapi zilizojaa?"

Zote. Wakati wa sikukuu nimepanda zote zimejaa, nimelala juu ya magunia ya mbatata, nikafika Mkoani nikanywa chai.

"Basi mtu wa saa mbili na nusu tusimhukumu kwa kitabu cha saa saba," akasema. Hakusema sina kosa. Alinikalisha tu kwenye ile saa mbili na nusu mpaka nikaiona ilivyokuwa.

Kuhusu Maisara, alichora ngazi kwenye karatasi. Kipingili cha chini: kupita na daladala macho wazi. Cha pili: kushuka, kusimama ng'ambo ya barabara mpaka moyo utulie, usiondoke kabla haujatulia, ukiondoka na mbio unaufundisha moyo kwamba kweli pana jini. Cha tatu: kukanyaga majani. Na hivyo kwenda juu. Akaniuliza nani anaweza kufuatana nami, mtu asiyesema sana.

Nilicheka. Nikasema ninaye mmoja, zamani alikuwa akisema sana.

Basi kila siku baada ya swala ya alfajiri Padri alikuwa ananisubiri nje ya msikiti, amevaa trakisuti yake ya zamani yenye namba moja mgongoni, na maimamu wakapita wakimsalimu. Tukatembea. Wiki nzima ya kwanza tulisimama ng'ambo ya barabara, mikono nyuma, kama watu wanaotaka kununua kiwanja. Hakuniuliza kitu. Mara moja tu, siku nilipokanyaga majani miguu ikagoma, nikamwambia Padri mimi nimekwisha, nimepinduka juu chini, akasema, "Zile nguzo za Mkunazini unazikumbuka?" Akanyamaza tena. Na mimi nikakumbuka paa.

Desemba 2017 tulikuwa pamoja barzani wakati Zanzibar Heroes inacheza fainali ya Chalenji na Kenya kule Machakos. Mabao mawili kwa mawili, zikaja penalti, tukatolewa tatu kwa mbili. Barza nzima kimya, kashata hazina wa kuzila. Padri akavua miwani akauliza kwa upole, "Mnasikia nini mwilini?" Tulimtupia maganda ya machungwa mpaka akakimbia. Nilirusha mengi kuliko wote, na nilipokuwa narusha nikaona nimefurahi.

Mwaka uliofuata maveterani wakaniita. Mechi yenyewe ilikuwa Maisara, jioni, dhidi ya wazee wa Kikwajuni. Nilimpigia binti nikamwambia ngazi imefika juu. Padri alikuwa golini, magoti yamefungwa bandeji, na kipindi chote cha kwanza hakutoa sauti. Tuligeukiana wachezaji. Mwenzetu mmoja alisema amezeeka, mwingine akasema ndiyo kusoma kunavyoharibu watu.

Kipindi cha pili tukabadilisha upande, tukalinda goli la baharini. Mpira ulikwenda mbali, upande wa kulia. Mimi nikajikuta nimesimama pale pale, pembe yangu, nimeshika kiuno, natazama majani. Yalikuwa majani tu, yameungua na jua, na kizibo cha soda. Sijui nilisimama muda gani.

"Kushoto! Kushoto, sheikh! Mtu mgongoni!"

Watu wa daladala waliokuwa wakipita barabarani waligeuka. Nami nikageuka. Kweli yupo, mzee wa miaka hamsini na kitu, kitambi mbele kama ngoma, anakuja mbio na mpira. Nikamfuata. Akanipita. Padri akatoka kumkabili, akafungua miguu, akapigwa tobo.

La pili hilo. Na hili hakuniwekea sharti.